Death Mountain imenishinda: je, Zelda II ni gemu mbovu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Tanga. Zelda ya kwanza nimeimaliza kwenye Switch na niliipenda sana, nikaingia ya pili, Zelda II: The Adventure of Link, nikijua ni mwendo uleule. Wapi! Mshumaa nimeupata, mto wa Saria nimeuvuka, lakini kwenye mapango ya Death Mountain nakufa kila nikiingia, na maisha yakiisha narudishwa mwanzo kabisa, pointi zangu zimepotea. Kaka yangu anasema gemu yenyewe ni mbovu, ndiyo maana Nintendo hawakuurudia mtindo ule. Ni kweli? Nipandishe nini kwanza, nguvu ya upanga au uhai? Na nikitumia ile nafasi ya Switch ya kurudisha mchezo nyuma, nitakuwa nimedanganya?

Jibu: Marahaba, dada wa Tanga. Nianze na kaka yako, kwa sababu maneno yake yamesemwa na wengi na yamewanyima watu gemu nzuri. Hapana, Zelda II si mbovu. Ndani yake mna mapigano ya upanga yaliyofikiriwa kwa makini kuliko karibu chochote nilichokicheza kwenye NES, ile mashine ya zamani ya Nintendo. Shida ni kwamba mapigano hayo yamezungushiwa adhabu nzito. Ukimaliza maisha yako matatu unarudishwa kwenye kasri la kaskazini alikolala binti mfalme Zelda, na pointi zote ulizokuwa unazikusanya kuelekea levo inayofuata zinafutwa. Ugumu wa mapigano unakufundisha kitu kila unaposhindwa. Ugumu wa kurudi mwanzo unakula muda wako na hauongezi ujuzi wowote. Wengi hawayatenganishi haya mawili, na kwa unavyoeleza, yote mawili yanakuangukia kwa pamoja. Ukiyatenganisha, hata swali lako la kurudisha nyuma linapata jibu lake.

Kwanza ujue unacheza nini. Gemu hii ilitoka Japani tarehe 14 Januari 1987, kwenye diski za Family Computer Disk System, kifaa cha Nintendo cha kule Japani, hata mwaka haujatimia tangu Zelda ya kwanza ya Februari 1986. Ulaya na Marekani waliipata mwaka 1988, kwenye kaseti yenye betri ndani ya kutunza kumbukumbu. Shigeru Miyamoto alikuwa mtayarishaji, lakini waongozaji walikuwa wengine, Tadashi Sugiyama na Yasuhisa Yamamura, na muziki akapewa Akito Nakatsuka badala ya Koji Kondo aliyetunga wa ile ya kwanza. Kwa hiyo ukiona haifanani na ya kwanza, usidhani walipotea njia. Walitaka kujenga kitu kingine, na wakakijenga.

Tazama pia kilichokuwa kikiendelea Japani wakati ule. Mei 1986 Dragon Quest ilikuwa imetoka, na utamu wa kukusanya pointi za uzoefu na kupanda levo ukaanza kuingia kwenye gemu za kuruka na kupigana. Castlevania II ya Konami na Faxanadu ya Hudson zote ni za 1987, na zote zina mhusika anayeonekana kwa ubavu, anayeruka, anayepiga, anayekua nguvu, na anayeingia mijini kuzungumza na watu. Zelda II ni ya ukoo huo. Ukiingia ndani yake ukitafuta Zelda ya kwanza, utaona kila kitu kimekaa upande upande. Ukiingia ukijua kwamba ni gemu ya upanga yenye levo, mambo yanaanza kukaa sawa.

Hapa kwetu walioifahamu zamani ni wachache mno, na sababu yake ni ya kiufundi. Zile mashine za TV game tulizokulia nazo, za kaseti yenye michezo mingi kwa pamoja, zilijazwa gemu ndogondogo zisizohitaji kutunza kumbukumbu: Mario, Contra, vifaru, za mbio. Gemu inayodai betri ya kusevu haikuwa na nafasi humo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa bingwa wa Contra tangu darasa la 3 na bado akutane na Zelda II leo akiwa mgeni kabisa. Na akiingia na mazoea ya Contra, ya kukimbia mbele huku anapiga, gemu hii itamshikisha adabu.

Sasa tuingie kwenye upanga wenyewe.

Upanga wa Link, shujaa unayemwongoza, humu ni mfupi. Ni mfupi kiasi kwamba ili umguse adui lazima uingie mahali ambapo naye anakufikia. Damu ikijaa upanga unatoa mwali unaoruka mbele, lakini mwali huo ni dhaifu, na maadui wanaokusumbua kweli hauwagusi. Kwa hiyo kila pambano ni swali la umbali: uko ndani au uko nje? Ukisimama katikati, unapigwa bure.

Jambo la pili ni juu na chini. Ngao ya Link haihitaji kitufe. Akisimama inamlinda kifuani na usoni, akichuchumaa inamlinda miguuni. Upanga nao vivyo hivyo: ukisimama unachoma juu, ukichuchumaa unachoma chini. Na adui mkuu wa gemu nzima, askari wa deraya anayeitwa Ironknuckle, anafanya hayohayo. Ngao yake inafuata mkao wako. Ukisimama ameiinua, ukichuchumaa ameishusha. Ni kama kirumbizi kinavyochezwa kwenye harusi za pwani: anayetazama fimbo ya mwenzake ndiye anayepata nafasi, anayerusha yake hovyo anaguswa kichwani.

Wengi wanamwendea askari huyu kwa kubonyeza kitufe cha upanga kwa fujo wakitumaini mchomo mmoja utapita. Unapita, ndiyo, lakini kwa kila mmoja unaopita umekula miwili. Fanya hivi badala yake. Simama hatua moja nje ya upanga wake umwache arushe. Akishaushusha mkono, ruka kumwelekea, ruko fupi, na bonyeza upanga ukiwa unashuka, ncha ikiwa usawa wa kofia yake. Ngao yake inachelewa kuamua wewe ni wa juu au wa chini, na hapo katikati ndipo unapoingia. Ukitua, rudi nyuma mara moja. Usijaribu la pili. Ruka, choma, rudi. Yule wa rangi ya chungwa atakufa hivyo, mwekundu atakufa hivyo, na wa buluu, anayerusha visu kutoka mbali, atahitaji uongeze kuchuchumaa na kusimama kulingana na kisu kinakuja juu au chini, lakini dawa yake ni ileile.

Ningekuomba ufanye mazoezi haya kabla ya kurudi mlimani. Kama kasri la kwanza hujalimaliza (likishamalizwa haliingiliki tena), chagua humo chumba chenye askari mmoja wa chungwa, mahali pasipo na shimo wala popo wa kukuvuruga, na upigane naye mpaka uweze kumwangusha bila kupoteza damu. Ukitoka nje ya kasri na kuingia upya utamkuta yupo tena. Na kama la kwanza umekwisha kulimaliza, fanya hivi ukifika la pili. Pointi unapata, lakini faida kubwa ni kwamba mkono wako utakuwa umejifunza kile ambacho gemu yote iliyobaki itakudai.

Kuhusu levo. Una vitu vitatu vya kupandisha: nguvu ya upanga, uchawi, na uhai, kila kimoja mpaka levo ya 8. Kuna jambo ambalo gemu haikuelezi vizuri: kupandisha uhai hakurefushi mstari wa damu, kunapunguza maumivu ya kila pigo. Kupandisha uchawi nako hakurefushi mstari wa uchawi, kunapunguza gharama ya kila uchawi unaoutumia. Mistari yenyewe inarefushwa na vyombo vilivyofichwa, vinne vya moyo na vinne vya uchawi, na hivyo unavitafuta kwa miguu yako.

Gharama hazilingani. Levo ya kwanza ya kupanda, uhai unakudai pointi 50, uchawi 100, na upanga 200. Ya mwisho, uhai 4000, uchawi 6000, upanga 8000. Kwa hiyo gemu itakuwa inakutupia uhai kila mara kwa sababu ndio wa bei nafuu, na mchezaji mgeni anaukubali kila unapokuja. Usikubali kila unapokuja. Menyu ile ina nafasi ya kukataa, na ukikataa pointi zako zinabaki zikiendelea kupanda mpaka zifike bei ya kile unachokitaka. Mimi napendelea upanga kwanza, na sababu yangu si ubabe. Adui anayekufa kwa mapigo mawili badala ya manne anapata nafasi chache za kukupiga, kwa hiyo upanga wenye nguvu ni ulinzi pia. Hatari yake ni kwamba ukiwa unasubiri na maisha yakaisha, ulichokusanya kimekwenda. Subiri, basi, ukiwa karibu na mahali salama, na ukiona maisha yamebaki moja na damu imekauka, chukua kile kilichopo.

Kwa Death Mountain ningetaka uwe na upanga levo ya 4, na uchawi na uhai angalau ya 3. Unaweza kupita kwa chini ya hapo. Watu hupita. Lakini wewe umekwisha kuchoka, na sioni haja ya kujitesa.

Pointi uzipate wapi? Nje, kwenye ramani, vivuli vya maadui vinakufuata vya aina mbili: kidogo ni maadui dhaifu, kikubwa ni wenye nguvu. Mahali unapoguswa ndipo panapoamua utapigana wapi, msituni, jangwani, kwenye kinamasi, au makaburini. Na ukiguswa ukiwa juu ya njia yenyewe, ile barabara ya rangi ya mchanga, unaingia mahali patupu, unatembea na kutoka. Hili peke yake litakuokolea damu nyingi: ukitaka vita, shuka njiani, ukitaka kufika, usiiache njia. Zingatia pia kwamba maadui huangusha mtungi wa uchawi au mfuko wa pointi kwa hesabu, kila wa sita, wadogo wakihesabiwa mbali na wakubwa mbali. Ukiwa umeishiwa uchawi na kuna wadudu dhaifu karibu, wahesabu. Mtungi unakuja.

Na hila moja ambayo nitakulaumu ukiisahau. Kila ukimuua bosi wa kasri na kukiweka kito kwenye sanamu, gemu inakujazia pointi mpaka levo inayofuata, haijalishi ni kiasi gani kilikuwa kimebaki. Kwa hiyo kama umebakiza pointi 40, usiweke kito. Rudi vyumbani, ua maadui wachache, panda levo hiyo kwa jasho lako, ndipo uweke kito upewe nyingine nzima. Makasri ni sita kabla ya lile kuu. Hizo ni levo sita za bure, na zile za mwisho zina thamani ya maelfu.

Sasa mlima. Death Mountain ni mtandao wa mapango unaotoka hapa na kuingia pale, na wanaokuua humo, bila shaka, ni wale mamba wenye mashoka, Daira. Wa chungwa anapiga kwa shoka mkononi, mwekundu analirusha. Shoka linapita ngao. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wamejifunza kusimama na kukinga, na ghafla kukinga hakufai kitu. Daira hakingwi. Anarukwa au anakwepwa. Yule wa shoka la mkononi, tumia ruko uliloshika kwa askari wa deraya, juu ya kichwa, na usikae naye karibu zaidi ya pigo moja. Yule anayerusha, usimkimbilie kwa pupa. Ruka shoka moja, songa, ruka la pili, songa, na ukishamfikia mmalize haraka, maana karibu naye ndipo panapokuwa salama kuliko katikati.

Kabla ya kuingia, hakikisha uchawi wa uhai, ule unaokurudishia damu, unao. Unapatikana palepale Saria, na kuna wachezaji wengi wanaovuka mto bila kuuchukua kwa sababu hawakuingia nyumba zote. Kuna mwanamke aliyepoteza kioo chake. Kiko chini ya meza kwenye nyumba mojawapo. Mrudishie, atakufungulia njia ya kwa mzee wa kukufundisha. Ule uchawi wa ngao wa mji wa kwanza, Rauru, unapunguza maumivu kwa nusu, nao unadumu mpaka utoke kwenye eneo ulilomo. Kwa hiyo usiuwashe kwenye kila pango. Uwashe pale unapowaona Daira, si kabla. Yale mapango ya popo na vile vidude vya majimaji pita bila uchawi.

Halafu chukua karatasi na kalamu. Nasema kweli. Kila mlango wa pango uupe herufi, andika unatokea wapi. Mapango mengi hayakupeleki unakotaka, na kila moja la bure lina gharama ya damu. Unachotafuta ni nyundo, na iko kusini mwa mlima. Ukiwa na karatasi, safari ya pili utakata nusu ya mapango, na mlima utapungua makali hata kabla wewe hujaongeza nguvu.

Wanasesere wadogo wa Link utakaowaona huku na huko ni maisha ya ziada, na usiwaguse sasa hata kama unakaribia kufa. Wakichukuliwa hawarudi tena milele, na maisha waliyokupa yanapotea ukirudishwa mwanzo. Waache walipo. Utawahitaji siku ya kwenda kwenye kasri kuu.

Umeuliza kama kurudisha nyuma ni kudanganya. Nilikwambia kuna ugumu wa aina mbili, na hapa ndipo tofauti yake inapokuwa na faida. Ule wa kurudishwa kaskazini, uondoe bila kuona haya. Weka alama ya kusevu ya Switch kwenye mlango wa Death Mountain, na baadaye kwenye mlango wa kila kasri. Ukimaliza maisha, rudi hapo mlangoni, na pointi zako zitakuwepo. Nina sababu ya kusema hivyo kutoka ndani ya gemu yenyewe: ukifika kwenye kasri kuu la mwisho na maisha yakaisha, hawakurudishi kaskazini. Wanakuruhusu uanze upya kwenye mlango wa kasri hilo. Watengenezaji wenyewe waliona kwamba safari ile ya kurudi isingevumilika mahali pale. Mimi ninachokushauri ni kuuhamishia msamaha huohuo kwenye makasri mengine.

Lakini katikati ya pambano, usirudishe nyuma. Ukila shoka la Daira, likubali. Ukirudisha sekunde tatu kila unapopigwa, utafika mwisho wa mlima ukiwa na mikono ileile uliyoingia nayo, na mbele yako bado kuna kasri lenye askari wa buluu wawili kwenye chumba kimoja, na kasri kuu lenye mashujaa wenye sura ya ndege wanaoitwa Fokka, wanaoruka na kupiga kwa pamoja. Wale hawashindwi na mtu aliyefika kwao kwa kurudisha nyuma. Utakuwa unabonyeza na kurudisha, unabonyeza na kurudisha, mpaka uichukie gemu, na kaka yako ataonekana alisema kweli.

Ujue pia kwamba toleo unalocheza limekwisha kulainishwa. Wajapani wa 1987 kwenye diski walipata kitu kikali zaidi: ukirudishwa mwanzo, levo zako zote tatu zilishushwa zikalingana na ile iliyo chini kuliko zote. Ukiwa na upanga wa 6 na uhai wa 2, unaamka una 2 kila mahali. Toleo la nje liliondoa hilo, likabakisha upotevu wa pointi tu. Maana yake adhabu ilikuwa ikijadiliwa tangu zamani hizo, na waliipunguza kabla hata wewe hujazaliwa.

Kuna jambo la vifaa ambalo linaweza kuwa linakuua bila wewe kujua. Runinga za kisasa huchelewesha picha kidogo kwa sababu zinaisafisha kabla ya kuionyesha. Kwenye filamu huoni tofauti, lakini gemu hii ilitengenezwa kwa runinga za kioo kinene ambazo hazikuwa na ucheleweshaji huo, na ruko la kumchoma askari kichwani lina nafasi finyu sana. Ingia kwenye mipangilio ya runinga yako, tafuta hali ya gemu, uiwashe. Au chomoa Switch uichezee mkononi. Kama umekuwa ukihisi kwamba ulibonyeza kwa wakati na bado ukapigwa, huenda ulibonyeza kwa wakati kweli.

Hiyo hoja ya kaka yako kwamba Nintendo hawakuurudia mtindo ule ina ukweli nusu. A Link to the Past ya 1991 ilirudi kwenye mtazamo wa juu, na hakuna Zelda kubwa nyingine iliyotumia pointi za uzoefu kwa namna hii. Miyamoto mwenyewe amewahi kusema kwamba ni gemu ambayo wangeweza kuifikisha mbali zaidi. Lakini angalia kilichobaki. Mstari wa uchawi ulianzia hapa. Kivuli cha Link kinachopigana naye, bosi wa mwisho wa gemu hii, kilirudi kwenye Zelda ya 1998, Ocarina of Time, na humo utakutana na Rauru, Ruto, Saria, Nabooru na Darunia wakiwa wahusika, majina ambayo kwenye Zelda II ni miji unayopitia wewe sasa. Muziki wa makasri ulikuja kusikika tena kwenye Super Smash Bros. Melee, kwenye uwanja wa Temple. Na nje ya Nintendo, Shovel Knight ya 2014 imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya pigo moja la gemu hii, lile la kuruka na kushuka na ncha ikiangalia chini.

Pigo hilo bado huna, na ndilo ninalotaka uvumilie mpaka ulipate. Ukishapata nyundo, njia itakupeleka kwenye kasri la pili, utoke na glavu ya kuvunjia matofali, na hatimaye utafika mji wa bandari wa Mido. Usianze na mtu yeyote pale. Nenda kwenye kanisa, tumia uchawi wa kuruka ufike mlango wa juu, ingia. Kuna mwalimu wa upanga ndani. Baada yake ukiwa hewani na kushikilia chini, upanga unageuka kuelekea miguuni, unatua juu ya adui na kudunda, unatua tena na kudunda. Wadudu waliokuwa wanakusumbua kwa kuwa chini mno kwa upanga wako wanakuwa ngazi za kupandia. Kuanzia Mido hewani kunakuwa kwako, na hapo ndipo utakapoweza kuniambia kama gemu hii unaipenda au huipendi. Kabla ya hapo ni mapema mno kuamua.